Mshauri wa Kusoma Ana Deni kwa Nani?



Katika kazi zinazofanywa kwa ajili ya watoto wetu, iko moja isiyosemwa sana. Mwalimu twamjua; twamwona kila asubuhi akifungua darasa lake. Direkta wa shule twamjua, na padri twamjua. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hufika mara moja moja tu, juu ya pikipiki au baiskeli yenye matope, amebeba mfuko wa madaftari. Huketi nyuma ya darasa akasikiliza. Huwaita watoto wachache wasome mbele yake. Huandika, huzungumza na mwalimu, kisha huenda zake. Wengine humwita inspekta, wengine mshauri wa masomo. Kazi yake ni kuangalia kama watoto wanajifunza kusoma na kuandika kwa kweli, na kumsaidia mwalimu afundishe vizuri zaidi.

Mtu huyo hakuzaliwa mkaguzi. Kwa kawaida alianza na chaki mkononi, akafundisha miaka mingi, akawa direkta, na mwishowe akapewa shule nyingi za kuzungukia. Hapa kwetu, toka Kasongo mpaka Kabambare na vijiji vya bonde la Luama, kuzungukia shule si matembezi. Mvua ikinyesha, njia huharibika na vivuko hukawia. Na upande wa Kabambare vita imewakimbiza watu makwao mara kwa mara, hata shule nyingine zimefunga milango kwa miezi.

Tena mtu huyo ana wakubwa wengi. Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za misioni, na kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 ilizirudisha mikononi mwa madhehebu ziziongoze, nazo zikibaki shule za taifa. Kwa hiyo shule ya parokia hukaguliwa na mtu wa serikali, na kushauriwa na mtu wa ofisi ya shule za Kikatoliki. Juu yao ziko ofisi, na chini yao wako walimu, wazazi na watoto. Kila mmoja anangoja kitu kwao. Basi, yafaa tuulize: mshauri wa kusoma ana deni kwa nani kwanza? Je, ni kwa ofisi inayomtuma, au kwa mwalimu ambaye ni ndugu yake wa kazi, au kwa mwingine?

KUSOMA NI NINI?

Kabla ya kujibu, tuelewane juu ya kusoma kwenyewe. Wengi hufikiri kwamba mtoto akitoa sauti mbele ya kitabu, amesoma. Sivyo. Darasa zima laweza kuimba ba, be, bi, bo, bu, na hata kuimba ukurasa mzima wa kitabu, bila mtoto mmoja kujua kusoma. Wameshika kwa masikio, kama mtu anavyoshika wimbo.

Mshauri mwenye akili ana njia nyepesi ya kujua. Tuseme kitabu chasema: Mama anapika sombe. Baba analima shamba la mpunga. Watoto wote waimba maneno hayo sawasawa. Mshauri achukua chaki, aandika ubaoni: Baba anapika sombe. Kisha amwita mtoto mmoja. Mtoto akisema, «Mama anapika sombe», huyo ametoa jambo kichwani, hakusoma. Lakini akisoma polepole, kisha akacheka, amesoma! Kicheko chake chaonyesha kwamba maneno yameingia ndani na kufika kwenye akili.

Kiswahili kina neema yake katika jambo hili, kina na hatari yake. Neema ni kwamba huandikwa kama kinavyotamkwa. Neno maji lina herufi nne na sauti nne. Mtoto akishazijua silabi, aweza kutamka neno lolote. Hatari ni kwamba aweza kutamka lolote bila kuelewa, na msikilizaji mvivu akadanganyika. Kifaransa kina ugumu mwingine. Maji kwa Kifaransa huandikwa eau: herufi tatu, na sauti ni moja tu, o, ambayo si jina la herufi hata moja kati ya hizo tatu. Mtoto wa Kabambare anayesema Kibangubangu nyumbani na Kiswahili sokoni, ukimwanzisha kusoma kwa neno kama hilo, wamwekea mizigo miwili kichwani kwa mara moja: lugha asiyoijua na herufi asizozijua.

Mambo haya yamegeuzwa mara nyingi katika nchi yetu. Zamani za Wabelgiji shule za misioni za upande huu zilianzisha watoto kwa Kiswahili. Mwaka 1962 serikali iliamuru Kifaransa kitumike tangu darasa la kwanza. Siku hizi sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 yasema kwamba lugha za taifa, na Kiswahili ni mojawapo, au lugha za mahali, zitumike kufundishia, na zenyewe zifundishwe. Tangu mwaka 1953 UNESCO ilikwisha kutoa kitabu kinachosema kwamba mtoto huanza vyema kwa lugha ya mama yake. Hata hivyo wazazi wengi huona kwamba Kiswahili darasani ni kupoteza wakati. Wasema: «Kiswahili anacho tayari, sisi twataka Kifaransa.» Hawajui kwamba mtu hujifunza kusoma mara moja tu. Akishaelewa kwa lugha moja kwamba herufi hubeba maana, ufahamu huo huenda naye katika lugha nyingine zote. Mshauri hana budi kuwaeleza hayo kwa subira, tena si mara moja.

MAKOSA MAWILI YA MKAGUZI

Sasa tumtazame akiwa kazini. Amesikiliza darasa, naye ameona kwamba kati ya watoto kumi aliowaita, mmoja tu amesoma. Afanye nini? Hapo majaribu mawili humngoja.

Jaribu la kwanza ni ukali. Husimama mbele ya watoto akamwaibisha mwalimu. Hukosoa daftari la maandalio, hukosoa tarehe ubaoni, huandika alama mbaya, kisha hupanda pikipiki yake. Hakuna alichomwonyesha mwalimu kwa mikono yake. Kesho yake mwalimu atafundisha kama jana, ila kwa uchungu zaidi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mshauri asiyeshika jembe, yaani asiyeshika chaki akafundisha somo moja mwenyewe mbele ya mwalimu, hana haki ya kulaumu shamba.

Jaribu la pili ni la upole, na kwa sababu hiyo ni gumu zaidi kulitambua. Kijiji kimempokea vizuri. Wazazi wamechinja kuku. Direkta amemwambia kwa sauti ndogo kwamba shule ikiandikwa vibaya, huenda itafungwa au mwalimu ataondolewa. Mwalimu mwenyewe ana watoto sita, na mshahara haujafika. Mshauri ana moyo wa huruma, basi aandika: Watoto wanasoma vizuri. Wote wafurahi. Ofisi yafurahi pia, kwa kuwa ofisi hupenda taarifa zisizoleta shida.

Nani amepata hasara? Ni wale watoto tisa. Nao hawawezi kulalamika, kwa sababu hawajui walichonyimwa. Mtu akiibiwa mbuzi, atapiga kelele. Mtoto akinyimwa kusoma, atanyamaza miaka mingi, mpaka siku atakapopewa karatasi ya kutia sahihi, au cheti cha dawa, au barua ya serikali juu ya shamba la baba yake. Siku hiyo atamtafuta mwingine amsomee, naye hatajua kama amesomewa kweli.

HABARI YA NYANGWE

Nchi yetu yenyewe ina mfano mkubwa wa jambo hili, nao ni wa zamani kuliko shule zote.

Mwaka 1869 Daktari David Livingstone alifika mahali alipopaita Bambarre, ndipo Kabambare yetu. Alikaa huko muda mrefu, akiwa mgonjwa, mpaka mwezi wa Februari 1871. Karatasi zilimwishia na wino ukamwishia. Lakini hakuacha kuandika. Alichukua magazeti ya zamani, akaandika juu ya maneno yaliyokwisha kupigwa chapa, kwa wino uliotengenezwa kwa matunda ya porini. Kisha akaenda Nyangwe, soko kubwa kando ya Lualaba. Huko, tarehe 15 Julai 1871, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakipiga bunduki katikati ya soko. Watu wengi mno waliuawa, wanawake wengi kati yao. Wengine walizama mtoni wakikimbia.

Livingstone aliyaandika yote. Mwaka uliofuata Henry Stanley alizipeleka taarifa zake Ulaya. Watu waliposoma habari za Nyangwe walishtuka, na habari hizo zilisaidia kuitia serikali ya Uingereza nguvu ya kumbana Sultani wa Zanzibar, hata soko la watumwa la Zanzibar likafungwa mwaka 1873. Tazama basi nguvu ya karatasi! Mtu mmoja mgonjwa, mwenye wino wa matunda, aliwaambia wakubwa walio mbali jambo wasilotaka kusikia.

Lakini habari hii ina sehemu ya pili. Yale magazeti ya zamani yalififia hata hayakusomeka kwa macho. Miaka ya karibuni wataalamu waliyapiga picha kwa taa za rangi nyingi, maneno yakaonekana tena. Walipoyalinganisha na kitabu kisafi alichokinakili Livingstone baadaye, waliona kwamba hayalingani yote. Baadhi ya maneno ya siku ile yalikuwa yamebadilishwa au kupunguzwa, hasa yaliyowahusu watu wa msafara wake mwenyewe.

Simwambii msomaji haya ili kumvunjia heshima marehemu. Alifanya jambo kubwa. Nayasema kwa sababu yanaonyesha mahali pa hatari. Kati ya daftari la njiani na taarifa safi pana safari fupi ya kalamu, na katika safari hiyo ukweli huweza kupungua, hasa pale unapowagusa watu wetu. Mshauri wa shule hufanya safari hiyo kila mwezi. Katika daftari la njiani ameandika: mmoja kati ya kumi. Jioni, mezani, chini ya taa, aandike nini?

MWALIMU ASIYELIPWA

Wengine watasema: «Wewe waongea kwa urahisi. Mwalimu wa kijiji halipwi. Mkono mtupu haulambwi. Utamdaije kazi mtu usiyempa chakula?»

Neno hili ni la haki, wala halifai kupitwa upesi. Kwa miaka mingi wazazi ndio waliowabeba walimu kwa michango yao. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyoahidi. Watoto wengi waliokaa nyumbani wakaingia shuleni, na hilo ni jambo jema. Lakini madarasa yalijaa kupita kiasi, na walimu wengi hawakuwa katika orodha ya mishahara. Hata sasa wako wanaongoja. Tena kwa upande wa Namoya na Salamabila, kijana akishika sururu akaenda kuchimba dhahabu, aweza kupata kwa siku moja zaidi ya anachopata mwalimu wake kwa siku nyingi. Si ajabu mwalimu akichoka.

Lakini tufikiri vizuri. Umaskini wa mwalimu wajulisha kwa nini watoto hawasomi, hauwafanyi wasome. Huruma kwa mwalimu isilipwe kwa mali ya mtoto. Nikimhurumia jirani yangu mwenye njaa, nampa chakula changu; simpi chakula cha mtoto wa watu wengine.

Basi deni la kwanza la mshauri ni kwa mtoto, hasa yule asiyejua kusoma bado. Ofisi yamtuma kwa ajili ya huyo. Mwalimu yuko darasani kwa ajili ya huyo. Na deni hilo hulipwa kwa ukweli. Lakini ukweli huo una njia mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

Njia moja yashuka: kumwambia mwalimu, faraghani na kwa heshima, kwamba watoto wake wanaimba, hawasomi, kisha kumwonyesha la kufanya. Njia nyingine yapanda: kuiambia ofisi kwamba darasa lile lina watoto wengi na vitabu vichache, kwamba mwalimu yule hajalipwa, kwamba paa limeanguka. Mshauri anayesema ukweli kwa mwalimu peke yake, na mbele ya wakubwa ananyamaza, huyo ni mkali kwa wanyonge na mwoga kwa wenye nguvu. Na yule anayewalaumu wakubwa peke yao, akimwachia mwalimu afanye apendavyo, humdanganya mwalimu kwamba hana la kufanya, hali anayo mengi. Kubadili maneno ubaoni hakuhitaji fedha. Kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, watano kila siku, hakuhitaji fedha. Haki yataka njia zote mbili zipitwe na mtu mmoja, kwa sauti moja.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya nane, twasoma habari za Filipo na yule mkubwa wa Ethiopia aliyekuwa akisoma ndani ya gari lake. Tazama alivyofanya Filipo. Alikimbia akamfikia. Alisikiliza kwanza. Kisha akauliza kama anaelewa anachosoma. Yule mkubwa hakuona haya kusema kwamba ahitaji wa kumwongoza. Akamkaribisha, na Filipo akapanda akaketi naye. Kufika, kusikiliza, kuuliza, kuketi pamoja: hiyo ndiyo kazi yote ya mshauri wa kusoma.

SAA MKONONI

Liko jambo jingine la siku hizi. Mahali pengi, hata katika Kongo yetu, kusoma hupimwa kwa saa. Mtoto hupewa habari fupi, naye husoma kwa dakika moja. Maneno aliyoyasoma sawasawa huhesabiwa. Kisha huulizwa maswali machache juu ya habari hiyo. Kipimo hiki kina faida. Kinazuia maneno matupu ya «wanasoma vizuri», maana hesabu haina kuku wala soda.

Lakini hesabu nayo yaweza kugeuka sanamu ya kuabudiwa. Mwalimu akijua kwamba atapimwa kwa haraka, atawafundisha watoto kukimbia. Watoto watakimbia juu ya maneno kama mbuzi juu ya mawe, na mwishoni hawajui walipopita. Mshauri mwema huhesabu maneno, na baadaye hungoja. Huuliza: «Nani alikwenda mtoni? Kwa nini?» Jibu la mtoto, hata likiwa fupi na la kusitasita, lina uzito kuliko maneno arobaini yaliyotimuliwa.

AKIPOTEZA KAZI JE?

Mtu aweza kuuliza: mshauri akiandika ukweli wote, na wakubwa wakachukia, naye akaondolewa, watoto wamepata faida gani? Si afadhali anyamaze kidogo, abaki, na asaidie polepole?

Busara si dhambi. Mshauri aweza kuchagua wakati wa kusema, aweza kuchagua maneno yasiyochoma. Aweza kungoja mwezi mmoja ampe mwalimu nafasi ya kujirekebisha, kisha arudi apime tena. Hayo ni upendo. Ila kuna mpaka: asiandike asichokiona. Kuchelewa kusema ni kitu kimoja, na kusema uongo ni kitu kingine. Njia ya mwongo ni fupi. Taarifa nzuri ya uongo hufika mahali ambapo yule mshauri hayupo, na huko hufanya kazi yake: vitabu hupelekwa shule nyingine, maana hii «inasoma vizuri», mwalimu hakumbukwi, maana «hana shida». Aliyetaka kumwokoa mwalimu amemzika.

Katika Italia, tangu mwaka 1954, padri mmoja aitwaye Lorenzo Milani aliishi Barbiana, kijiji kidogo cha mlimani, akafundisha watoto wa wakulima waliokataliwa na shule za mjini. Mwaka 1967, mwaka aliokufa, vijana wanane wa shule ile walitoa kitabu walichokiandika pamoja, Barua kwa Mwalimu. Ndani yake walihesabu wenzao wangapi walipotea njiani toka darasa hadi darasa, na walikuwa watoto wa nani. Hawakutukana ovyo, walihesabu. Na hesabu hiyo ilisomwa Italia nzima. Waliofundishwa kusoma kwa kweli wakawa wao wenyewe waandishi wa taarifa.

Huo ndio mwisho tunaoutaka. Pale Nyangwe, waliouawa hawakuacha karatasi; habari zao twazijua kwa kalamu ya mgeni. Watoto wa Kasongo na Kabambare wasingoje mgeni aandike kwa niaba yao.

NA SISI JE?

Wasomaji wapenzi, tusimwachie mshauri mzigo wote. Yeye hufika mara moja moja. Sisi tuko kila siku. Baba na mama wasiojua kusoma nao waweza kupima. Chukua karatasi yoyote: tangazo la parokia, barua ya ndugu aliye Kindu au Bukavu, karatasi ya dawa toka hospitali. Mpe mtoto asome. Akimaliza, muulize maana yake. Akijua, mshukuru mwalimu wake, tena kwa jina. Asipojua, usimpige, wala usimkimbilie mwalimu kwa matusi. Nenda kwake jioni, keti, sema ulichokiona, uliza wewe waweza kusaidia nini: benchi, kuni, kuezeka paa, au mtoto mkubwa anayeweza kuwasomea wadogo.

Na siku inspekta atakapokuja kijijini kwenu, mpokeeni vizuri, kama desturi yetu ilivyo. Mpeni maji ya kuoga, mpeni chakula. Lakini msimwombe aandike vizuri. Mwombeni aandike alivyoona, na kabla hajaondoka awasomee ninyi wazazi yale aliyoyaandika.